Carina Ti ya 5A inashindwa na mpando wa Mkoani. Nguvu ya bei nafuu ipo wapi?

#1 Mkoani_Juu

Assalaam aleykum wakubwa.

Nina Toyota Carina Ti ya 1998, mashine 5A-FE, gia za oto. Nimeinunua Unguja, nikaitembelea kule miezi minane bila ya lalamiko lolote, maana Unguja ukishaitoa ile Masingini njia zote ni tambarare. Nikaivusha kwa meli kuja nayo Pemba. Hapo ndipo nilipoijua.

Nikitoka bandarini Mkoani na abiria wanne na mizigo yao ya meli, ule mpando wa kwenda juu gari inaupanda kwa kulia. Mguu uko chini kabisa, spidi inashuka 40, 35, 30, mashine inanguruma, bodaboda zinanipita. Juzi nimepakia gunia tatu za karafuu na watu wawili kutoka Mtambile kwenda Chake, kila kilima nasoma dua.

Nina laki tatu na nusu. Watu watatu wamenishauri mambo matatu: nikate ekzosi niweke bomba pana, nichonge hedi (kile kichwa cha mashine chenye valvu), niweke eya klina ya wazi ile ya koni. Kipi hasa kinaongeza nguvu kwenye mashine ya zamani?

#2 Karafuu_Kavu

Iuze ununue ya 2000cc. Pemba si pahala pa 1500.

#3 Mwana_wa_Wete

@Karafuu_Kavu mwenzako ana laki tatu na nusu, wewe unamtuma akanunue gari! Halafu Pemba imejaa Vitz za 1000 zinapanda mpaka Konde na watu watano ndani. Tatizo si 1500.

#4 SpanaKumi

Waaleykum salaam. Mimi ni fundi, niko Mikunguni, mashine za Toyota za ukoo wa A nimezifungua mpaka mikono imezizoea gizani.

Hiyo 5A-FE ina cc 1498. Ilipokuwa mpya ilitoa nguvu farasi 100 kwa mizunguko 5600 kwa dakika. Mashine ya miaka ishirini na kitu iliyolia hivyo kwenye kilima haizitoi tena hizo 100. Labda zimebaki 75, labda 65. Kwa hiyo wewe hutafuti kuongeza, unatafuta zilizopotea, na kuzirudisha ni rahisi kuliko kutafuta mpya. Usikate ekzosi, usichonge kitu. Kwanza nunua plagi nne, angalia waya za plagi na kofia ya distributa (inayogawa umeme wa plagi), badilisha filta ya petroli, kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda zote nne. Ukileta namba hapa tutazungumza.

#5 Nungwi_Tabo

Fundi wa kizamani hawa kila siku "plagi, plagi". Mimi nimeweka koni na bomba la inchi mbili na nusu kwenye Corolla 110, mashine hiyo hiyo ya 5A, na gari imebadilika. Ukikanyaga unaisikia kifuani. Na lile sega la ndani ya ekzosi (katalisti ya kusafisha moshi) toa, linabana pumzi tu.

#6 UmmuDereva

Kusikia kifuani si kupanda mlima, mwanangu. Ulipima na nini?

Mkoani_Juu, mimi natembeza Corolla 110 Chake, napeleka watoto skuli asubuhi na mchana natembeza abiria. Mwaka jana gari yangu ilikuwa hivyo hivyo kama yako. Nimezunguka kwa mafundi watatu, nimenunua plagi mara mbili, nimesafisha nozeli, na pampu ya petroli nikabadilisha. Pesa zimekwisha, gari ile ile.

Kijana mmoja pale Machomanne ndiye aliyenionyesha. Alitoa ile mpira pana ya hewa inayoingia kwenye throto (mlango wa hewa wa mashine), akaniambia niingie ndani, nisiwashe, nikanyage mpaka mwisho. Halafu akaniita nje nione, yeye akaingia kukanyaga. Kile kisahani cha shaba kilichomo ndani ya tundu kinatakiwa kilale kabisa, ukikitazama kwa mbele uone ubavu wake tu, mwembamba kama sarafu iliyosimama. Changu kilibaki kimeinama. Mguu uko chini, zulia la sakafuni limekunjana chini ya pedeli, na waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedeli kwenda kwenye throto, umelegea kiasi cha kidole. Yaani miezi yote ile nilikuwa naendesha robo tatu ya gari.

Akakaza nati mbili za waya kwa spana ya 12, akatoa zulia. Nimempa elfu tano na hakuiomba. Kaangalie hilo kabla hujatoa shilingi.

#7 Mwana_wa_Wete

Hii ndiyo post ya maana humu.

#8 SpanaKumi

Dada kasema kweli, na nakiri hilo nililiruka. Naongeza: kwenye hiyo throto kuna waya wa pili, unakwenda kwenye giabokisi. Huo ndio unaoiambia oto mguu umekanyaga kiasi gani. Ukilegea, giabokisi inadhani unatembea polepole, inang'ang'ania gia kubwa na haitaki kushuka. Gari inakuwa nzito mlimani hata mashine ikiwa nzima. Mafundi wengi wakitoa throto kusafisha hawaurudishi kwenye alama yake.

#9 Maalim_Fizikia

Nafundisha skuli, gari nazijua kwa hesabu kuliko kwa spana, lakini hesabu hapa inasaidia.

Tukadirie gari, watu na mizigo vina kilo 1,500. Tukadirie mpando unaopanda mita moja kwa kila mita kumi. Kwenda 40 kwa saa kunataka kiasi cha kilowati 16, yaani farasi kama 22. Ongeza zinazoliwa na tairi, upepo na giabokisi, sema 30. Sasa hata hiyo mashine "iliyobaki na 65" ya ndugu SpanaKumi inatosha mara mbili. Kwa hiyo mimi nasema si mashine. Kuna kitu kinaizuia gari, au gia si yake.

#10 SpanaKumi

Maalim, hizo farasi haziko wakati wote. 100 ni kwa mizunguko 5600. Kwenye 2000 hata mashine mpya ya aina hiyo haifiki 40.

#11 Maalim_Fizikia

Sawa kabisa, nimekubali. Lakini hapo umenisaidia mimi: kama iko kwenye mizunguko 2000 mguu ukiwa chini, basi giabokisi haikushusha gia. Mkoani_Juu, gari yako ina saa ya mizunguko? Ikiwa mlimani inasoma ngapi?

#12 Mkoani_Juu

Nimesoma zote, ahsanteni.

Jana baada ya alasiri nimemwita mwanangu akanyage. UmmuDereva, Mungu akulipe. Kisahani hakilali! Kinafika kama robo tatu kinasimama. Nimekaza waya mwenyewe, sasa kinalala sawa. Huo waya wa pili nao umelegea, ile shanga ndogo ya alama iko mbali na mdomo wa mpira wake kwa karibu sentimita moja. Sikuugusa, nimeogopa.

Saa ya mizunguko ipo. Mlimani ilikuwa inasoma 2200 hivi, Maalim.

Leo nimepanda na abiria watatu: 40 mpaka juu. Haikushuka chini ya hapo. Bado nzito, lakini si ile.

#13 Maalim_Fizikia

2200! Basi.

#14 Karafuu_Kavu

Abiria watatu si wanne. Usijidanganye.

#15 SpanaKumi

Waya wa pili usiogope. Throto ikiwa imefunguka yote, ile shanga inatakiwa iwe karibu kabisa na mdomo wa mpira, nafasi ya milimita moja hivi tu. Kaza nati kidogo kidogo, jaribu njiani. Ukizidisha gia zitachelewa kupanda na kugonga, rudisha kidogo.

Angalia na mafuta ya giabokisi, rangi na harufu. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, usikimbilie kuyamwaga yote siku moja, toa kiasi uongeze mapya, rudia baada ya wiki.

#16 Nungwi_Tabo

Kwa hiyo tumeacha kuongeza nguvu tunakaza waya. Kichwa cha uzi kinasema nguvu. Koni na bomba pana ni laki moja na nusu tu, mtu analipata leo.

#17 Jambiani_Kusi

Koni nimeitumia kwenye Escudo ya 1600, nikaitoa. Sababu ni moja: iko ndani ya boneti, karibu na rejeta na ekzosi. Hewa inayovutwa ni ya moto. Boksi la kampuni lina mdomo wake unaovuta hewa kutoka mbele karibu na taa. Niliweka kipimajoto cha jikoni pembeni ya koni, nikaenda nacho Paje na kurudi. Kwenye foleni ya Mwanakwerekwe kilisoma 61. Nje ilikuwa 31.

#18 Maalim_Fizikia

Hewa ya 61 ni nyepesi kuliko ya 31 kwa kama asilimia 9. Mashine inavuta ujazo ule ule, inapata oksijeni pungufu kwa kiasi hicho, na nguvu inafuata hapo hapo. Kwa hiyo koni kwenye foleni inapunguza. Ukikimbia njia pana ya Fumba hewa inapoa na huenda ikasaidia kidogo.

#19 Nungwi_Tabo

Haya, koni nimewaachia, maana 61 ni namba na mimi sina namba. Lakini bomba siachi. Kabla ya kutoa sega gari yangu ilikuwa haipiti 90, baada ya kutoa 130.

#20 Fundi_Ekzosi_Amani

Naingilia maana hii ndiyo kazi yangu. Anayesema toa sega na anayesema usikate ekzosi, wote wawili mna haki. Sega zima halikunyimi kitu cha kuonekana kwenye gari ya barabarani. Sega lililoziba linaua gari. Mashine ikimisi miaka au ikila oili, petroli mbichi inakwenda kuungua kwenye sega, linayeyuka na kufunga njia. Nimekata masega nikiyaangalia juani huoni upande wa pili. Kijana wa Nungwi, lako lilikuwa limeziba. Hukuongeza, ulizibua.

Kupima: kuna kigeji cha vakyumu (mvuto wa hewa), kinachomekwa kwenye mpira mdogo wa manifoldi. Mashine nzima kwenye sailensa, yaani imewashwa bila ya kukanyagwa, inasoma inchi 17 mpaka 21 za zebaki. Pandisha mpaka mizunguko 2500 uiache hapo. Ikiwa sindano inashuka polepole yenyewe wakati mguu hujauondoa, moshi unakosa pa kutokea. Kigeji hichi si ghali na mafundi wengi hapa hawana.

Bomba la inchi mbili na nusu kwa 1500 ni pana mno. Likiwa pana hivyo moshi unapoteza mwendo, na kule chini unakotaka kupandia mlima unapoteza badala ya kupata. Kelele inazidi, basi mtu anadhani nguvu.

#21 Dereva_wa_Makunduchi

Samahani natoka nje kidogo ya mada. Mimi nina Hiace ya dizeli, 3L. Kuna mtu kanishauri tuzungushe ile skrubu ya nyuma ya pampu iongeze mafuta. Amefanya. Nguvu imepatikana kweli, lakini moshi mweusi nyuma mpaka wa pikipiki wananitukana. Niiache?

#22 SpanaKumi

Rudisha leo. 3L haina tabo ya kuisukumia hewa, hewa yake ni ile ile. Mafuta yakizidi hewa yanatoka moshi mweusi na joto linapanda kwenye hedi, na hedi za ukoo huo wa L zinajulikana kwa kupasuka. Moshi mweusi ni pesa yako inayoruka. Peleka nozeli nne zikapimwe mpigo, badilisha filta ya dizeli, mwaga maji yaliyokaa chini ya filta. Nguvu utaipata bila ya moshi.

#23 Dereva_wa_Makunduchi

Maji yametoka kama nusu kikombe cha kahawa! Sikujua kama pale panamwagwa. Shukrani.

#24 Mwana_wa_Wete

Hilo la maji ndilo nililotaka kusema kwa upande wa petroli pia. Huku kwetu mtu anaishiwa njiani ananunua ya kwenye madumu na chupa. Dumu limekaa juani, kifuniko kimelegea, mvua ya vuli imenyesha. Kuna wakati nilijaza ya chupa njia ya Micheweni, gari ikamisi mpaka Wete. Mkoani_Juu, petroli unanunua wapi?

#25 Mkoani_Juu

Kituoni, ila si siku zote. Nimebadilisha filta ya petroli, ile ya zamani nilipoipuliza kwa mdomo haikupitisha pumzi karibu hata kidogo, na yaliyomwagika yalikuwa na rangi ya chai.

Je, nikitia petroli ya daraja la juu nguvu inaongezeka?

#26 Maalim_Fizikia

Hapana. Daraja la juu lina ugumu wa kulipuka wenyewe kabla ya wakati, halina nguvu zaidi ndani yake. Kama mashine haigongi kwa petroli ya kawaida, umelipia kitu usichokitumia.

#27 Jambiani_Kusi

Ila mtu akisogeza distributa mbele mashine ikaanza kugonga, hapo petroli ya juu inamfaa.

#28 SpanaKumi

Kusogeza distributa ndio mchezo wa mafundi wengi: wanalegeza nati, wanazungusha kwa sikio. 5A cheche inatakiwa ipige nyuzi 10 kabla pistoni haijafika kileleni, na uipime kwa taimingi laiti baada ya kuunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kile kiboksi cha boneti. Bila ya kuunganisha, kompyuta inajisogezea mwenyewe na unasoma uongo. Nimekuta gari ziko kwenye 2, nimekuta ziko 18. Ya kwenye 2 haipandi hata tuta. Na TE1 na E1 ukiviunganisha swichi ikiwa imewashwa bila ya kuwasha mashine, taa ya injini inakonyeza namba za makosa. Bure, bila ya mashine ya kupimia.

#29 UmmuDereva

Na mshale wa joto unasimama wapi, baba?

#30 Mkoani_Juu

Chini. Hata nikitoka Mkoani mpaka Chake haufiki nusu. Nilidhani ndio vizuri, mashine imepoa.

#31 UmmuDereva

Thamostati imetolewa hiyo, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka mashine ipate moto. Na yangu ilikuwa imetolewa.

#32 Karafuu_Kavu

Nchi ya joto hii, thamostati ya nini? Mimi gari zangu zote natoa, na sijawahi kuchemsha.

#33 Fundi_Ekzosi_Amani

Na sega zako zote zitaziba. Maji yasipofika joto lake, kompyuta inadhani ni asubuhi ya baridi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi, oili inachanganyika na petroli, mashine inalika. Thamostati za Toyota za aina hiyo zinafunguka kwenye 82. Nchi yetu haifiki 82 hata siku ya kaskazi.

#34 Karafuu_Kavu

Gari zangu zinatembea.

#35 SpanaKumi

Karafuu_Kavu, zinatembea na zinakunywa. Watu wanatoa thamostati kwa sababu rejeta imeziba kwa kutiwa maji ya kisima yenye chumvi. Badala ya kusafisha rejeta wanatoa thamostati. Tia kulanti, acha maji ya kisima.

#36 Mtoto_wa_Ngambo

Mimi nilimaliza mambo yote haya nikaitia gari yangu mashine ya 7A. Cc 1762, inakaa kwenye maundingi (vishikio vya mashine) yale yale ya 5A kwa kazi ndogo, giabokisi inashika. Ukipata ya mtumba na kompyuta na waya zake zote, unalala usingizi. Mlima wowote.

#37 Mkoani_Juu

Bei gani kaka?

#38 Mtoto_wa_Ngambo

Nilivyopata mimi, na kazi ya fundi, milioni moja na laki sita. Na usisahau kubadilisha namba ya injini kwenye kadi ya gari, siku ya kuuza itakutesa.

#39 Mwana_wa_Wete

Laki tatu na nusu, jamani!

#40 Maalim_Fizikia

Nirudi kwenye hedi, hakuna aliyemjibu Mkoani_Juu kwa namba. Pistoni ya 5A ina kipenyo cha milimita 78.7, mwendo 77. Mgandamizo ni 9.8 kwa 1. Ukichonga nusu milimita, ambayo ni nyingi, unapunguza chumba kwa sentimita za ujazo mbili na kidogo, na mgandamizo unafika kama 10.2 au 10.3. Nguvu utakayopata ni asilimia moja, mbili. Farasi mmoja au wawili. Kwa kazi ya kufungua hedi nzima.

#41 SpanaKumi

Tena ukichonga hedi, kamshafti inayofungua valvu inasogea karibu na krenki inayozungushwa na pistoni, mkanda wa taimingi unabaki na ulegevu na valvu zinachelewa kidogo. Hedi inachongwa ikipinda, haichongwi kwa kutafuta nguvu.

#42 Mkoani_Juu

Nimerudi na namba. Nimeazima kipima kompresheni kwa jamaa wa Kengeja. Nimepata psi 150, 148, 112, 151. Silinda ya tatu hiyo. Nimevunjika moyo.

Thamostati kweli haikuwepo, nimetia mpya. Plagi mpya. Na fundi wa Chake kapima taimingi ilikuwa 6, kaiweka 10.

#43 SpanaKumi

Ulipopima mguu ulikuwa chini? Yaani throto imefunguka?

#44 Mkoani_Juu

Hapana. Nilikuwa peke yangu, nazungusha kwa swichi.

#45 SpanaKumi

Rudia. Mashine iwe ya moto, plagi zote nne nje, chomoa plagi ya umeme ya distributa, mtu akanyage mpaka chini, betri iwe imeshiba. Bila hivyo hewa haiingii yote. Mashine za ukoo huu zikiwa nzima zinasoma karibu 190, na mwisho wa kuvumilika ni 142. Tofauti ya silinda kwa silinda isizidi 14.

#46 Mkoani_Juu

178, 175, 138, 180. Na mwanangu ndiye aliyekanyaga.

Nimetia kijiko cha oili kwenye ya tatu kama nilivyosoma pahala, ikapanda 143 tu.

#47 SpanaKumi

Ringi zingekuwa mbovu ingeruka mpaka 160 huko. Haikuruka. Valvu hiyo. Ekzosi ya silinda ya tatu, imeungua au imebana.

#48 Mtoto_wa_Ngambo

Au gasketi ya hedi.

#49 Fundi_Ekzosi_Amani

Gasketi ikitoboka baina ya silinda mbili zinaanguka mbili pamoja. Hapa ni moja peke yake.

#50 Mtoto_wa_Ngambo

Inaweza kutobokea upande wa maji. Maji hayapungui?

#51 Mkoani_Juu

Kikombe kimoja kwa wiki mbili hivi. Nilidhani kifuniko cha rejeta.

#52 SpanaKumi

Huenda ni kifuniko kweli. Badilisha kifuniko kwanza, kisha utazame. Lakini mimi kabla ya kufungua hedi ningetoa kava ya valvu nikapima nafasi za valvu za ile silinda ya tatu kwa filagauji (vibamba vya kupimia nafasi). 5A haina valvu za kujirekebisha, zinawekwa kwa vibati vya unene tofauti. Valvu ikishakula kiti chake, nafasi inakwisha, haifungi kabisa, mgandamizo unavuja. Wakati mwengine kubadilisha kibati kimoja kunarudisha silinda. Hapo huchelewi, kabla haijaungua.

#53 Pwani_Mchangani

Naona wote mko kwenye boneti. Nani kaangalia magurudumu? Sisi tuko juu ya bahari, chumvi inakula pini za kalipa (kile kinachobana breki), breki zinakamata bila ya mtu kujua. Tembea kilomita tano bila ya kukanyaga breki sana, simama, gusa ringi za magurudumu kwa mgongo wa mkono. Yangu ya mbele kushoto ilikuwa ya moto haigusiki, nyengine vuguvugu. Nilikuwa naburuta gari.

Na tairi. Nilikuwa nimeweka 195/65 R15 badala ya 185/65 R14 kwa ajili ya mashimo. Zimezidi karibu milimita 38 za kipenyo, kama asilimia 6. Ni sawa na kuipandisha gari gia kidogo. Mlimani unakiona.

#54 Maalim_Fizikia

Hii ndiyo "kitu kinaizuia gari" niliyoisema mwanzo.

#55 SpanaKumi

Na silinda ya 138 nayo ni kitu, Maalim. Tusigombee mshindi.

#56 Kijana_wa_Gombani

Mimi nimeona video mtu kaweka chupa ya maji na waya mbili, inatoa gesi inaingia kwenye hewa, gari inapata nguvu na kuokoa mafuta. Nimeanza kukusanya vifaa.

#57 Maalim_Fizikia

Usitoe pesa, mwanangu. Umeme wa kuyavunja maji unatoka kwenye alteneta, alteneta inazungushwa na mashine, mashine inakula petroli. Unachukua nyingi kuliko unachorudisha. Njoo skuli nitakuonyesha kwa betri na glasi.

#58 Kijana_wa_Gombani

Nitakuja Maalim.

#59 Mkoani_Juu

Natoa taarifa kwa walionisaidia.

Mpaka sasa nimetumia laki moja na elfu thelathini na tano: plagi, filta mbili, thamostati, kifuniko cha rejeta, kulanti, na kazi ya taimingi. Waya mbili za throto ni bure. Gurudumu la mbele kulia lilikuwa la moto, Pwani_Mchangani, nimetoa pini ya kalipa imeganda kutu, nimeipiga msasa na kuitia grisi yake.

Jana meli imetia nanga, nimepakia wanne, watu wazima, na mabegi, na ndoo mbili za rangi za mtu. Eakondishen nimezima. Nilipoanza mpando giabokisi ilishusha gia yenyewe, nikaisikia, saa ya mizunguko ikaruka 3600. Spidi 46 mpaka juu. Abiria mmoja ananijua kutoka zamani, kaniuliza kama nimebadilisha gari.

Karafuu_Kavu, ni wanne.

#60 Karafuu_Kavu

Nimeona. Hongera. Ila gunia tatu hujajaribu.

#61 Nungwi_Tabo

46 na silinda moja mbovu, hapo kweli. Ukiirudisha hiyo ya tatu itakuwa ngapi?

#62 Mkoani_Juu

Ndicho ninachotaka kujua. SpanaKumi, nimetoa kava ya valvu. Moja ya ekzosi kwenye ya tatu filagauji ndogo kabisa niliyonayo haipiti. Nyengine zote zinapita.

#63 SpanaKumi

Ndiyo hiyo. Toa kibati hicho, soma namba ya unene nyuma yake, nitumie. Usiwashe gari sana mpaka tukiweke chembamba.

#64 Mtoto_wa_Ngambo

Maji yamepungua tena tokea uweke kifuniko kipya?

#65 Mkoani_Juu

Siku tano sasa, yako pale pale. Nitaangalia tena Ijumaa.

#66 Mtoto_wa_Ngambo

Siku tano ni chache. Mimi bado nasema gasketi.

#67 UmmuDereva

Pima kompresheni tena baada ya kibati, na mpande na watu wanne wale wale kama unawapata. Nataka namba.